Mdogo wangu alizuia kila mpira uliopanda, leo nina chukudu ya Muzee Bauma ukutani na mwenyewe simpati

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Shule niliacha katikati ya sekondari, Kiswahili cha kuandika nimekiokota kanisani na humu humu jukwaani, kwa hiyo mtanivumilia.

Nitakayoyaandika niliyaona kwa macho yangu. Yale ambayo sikuyaona nitasema wazi kwamba niliambiwa.

Nianze kwa kuwataja waliokuwepo siku ya mechi, maana leo nikitaka kuwakusanya tena siwezi.

Nilikuwepo mimi, Masika, mwanamke muuza sambaza katika soko la Kituku, kando ya ziwa.

Alikuwepo mdogo wangu Paluku, mwanafunzi wa chuo, ambaye kisa hiki ni chake.

Alikuwepo Papa Inosa, kocha wa timu ya chuo chao.

Alikuwepo Mama Noela, tunayeanika naye samaki, ambaye hajawahi kukaa mahali akanyamaza.

Alikuwepo mgeni, kocha wa chuo kikuu kimoja ng'ambo ya mpaka. Jina lake nalihifadhi.

Na alikuwepo Muzee Bauma, mkimbizi wa kutoka Masisi, na mjukuu wake Riziki, msichana mdogo wa meno ya mbele yaliyong'oka.

Nyuma yao walikuwepo watu wa kambi. Siwezi kuwataja wote. Ila wao ndio waliotupatia uwanja.

Nieleze.

Baba yetu alikuwa mfanyabiashara wa maharage, mtu wa Butembo. Aliuawa njiani, kabla ya kufika Rumangabo, pamoja na wenzake wa kwenye lori. Mama alimfuata kwa ugonjwa, muda si mrefu. Tukabaki wawili katika nyumba ya mbao, mtaa wa Katoyi hapa Goma.

Mimi nilikuwa mkubwa. Niliweka daftari chini nikaenda Kituku kununua sambaza kwenye mitumbwi, kuanika na kuuza. Paluku alikuwa bado mdogo mno kubaki nyumbani peke yake, kwa hiyo nilimbeba.

Sasa hapa ndipo penye asili ya yote.

Sambaza ni samaki wadogo. Tunawatandaza juu ya nyavu zilizovutwa kwenye miti ili jua liwapige. Adui yetu si mwizi, ni mwewe. Anashuka kama jiwe, anachota, anaondoka. Na pale Kituku fimbo ni marufuku, kwa sababu fimbo ikikosa ndege inapasua wavu na samaki wote wanaingia mchangani.

Unamfukuza kwa mkono mtupu.

Hiyo ndiyo kazi niliyompa Paluku. Alisimama juu ya jiwe katikati ya nyavu, na kila mwewe aliyeshuka alikuta mkono wake hewani. Mikono yake ilikuwa mirefu tangu utotoni. Mama Noela alikuwa akisema, "Masika, huyu mudogo wako umupunguzie chakula, atagonga mbingu siku moja." Chakula chenyewe cha kupunguza hakikuwepo.

Alirefuka hivyo hivyo, mwembamba kama mlingoti, mpaka mlango wetu akawa anaupita ameinama.

Nilimpeleka shule kwa sambaza, nikampeleka na chuo kwa sambaza. Huko chuoni ndiko Papa Inosa alikomwona, akamwita uwanjani kujaribu mpira wa kikapu.

Siku ya kwanza alizuia kila mpira uliopanda. Nyie mnaita bloku, sisi kwa kufuata Kifaransa tunasema kontre. Wenzake wakawa wanatupa, yeye anapiga, mpira unaruka ukuta unaenda barabarani. Papa Inosa akacheka mpaka akakaa chini. Halafu, aliniambia baadaye, akaacha kucheka, kwa sababu aliona kazi iliyokuwa mbele yake.

Maana Paluku alikuwa anafukuza mwewe.

Kwa ndege, unaruka kila anaposhuka, maana ukikosea hupotezi kitu. Na unampeleka mbali kadiri unavyoweza. Kwa mpira, ukiruka kila mara, mjanja anajifanya anatupa, wewe unapaa, unamwangukia, unaandikiwa faulo. Faulo tano unatolewa. Na ukiupiga nje, waliopoteza mpira wanarudishiwa.

Papa Inosa alikuwa akimwambia kila jioni ya mazoezi, na mimi nilisikia mara nyingi nikiwa nimempelekea kitu cha kula.

"Paluku, mupira haiko mwewe. Uguse tu, ituangukie sisi. Na ingine uache ipite. Haiko kila kitu inashuka ni ya kurukia."

"Ndiyo, Papa."

Kisha anaruka tena.

Kufunga hakujua. Nguvu ya kusukumana na watu wenye mwili hakuwa nayo. Lakini ule muda wa kuruka, ile sekunde mkono unakutana na mpira pale juu, Papa Inosa alisema tangu aanze kufundisha hajauona kwa mtu mwingine.

Vita vikaja karibu.

Kwa msioishi huku, vita kwetu havianzi siku moja. Kwanza bei ya maharage inapanda. Halafu barabara ya Sake inajaa watu wenye magodoro kichwani. Halafu unaamka unakuta shule, kanisa na kila kipande cha ardhi kimefunikwa maturubai.

Uwanja wa chuo ulijaa pia. Palikuwa na sakafu ya saruji, na watu waliochoka kulala juu ya mawe ya volkano waliiona kama kitanda. Hema la Muzee Bauma lilikuwa chini ya kikapu kabisa. Kamba ya turubai lake aliifunga kwenye nguzo ya kikapu.

Wakati huo huo mgeni akatuma habari kwamba anapita Goma na anataka kumwona yule mzuiaji aliyesikia habari zake. Akimpenda, atampa nafasi ya kusoma na kucheza, na kila kitu juu ya chuo.

Mechi ingechezwa wapi? Viwanja vingine vilikuwa hivyo hivyo.

Papa Inosa aliingia kambini kuomba. Nilifuatana naye, nikiwa na aibu. Unamwambiaje mtu aliyekimbia risasi aondoe nyumba yake ili watoto wacheze?

Muzee Bauma alitusikiliza akiwa amekaa kwenye chukudu yake.

Niseme kidogo kuhusu chukudu. Ni chombo cha mbao tupu, magurudumu mawili ya mbao, usukani wa mbao, na pembeni kipande cha tairi la kuwekea goti unaposukuma. Kinabeba magunia ya viazi, makaa, mbao, mgonjwa, bibi harusi. Hapa kwetu mwanaume mwenye chukudu ana kazi, na mwenye kazi ana nyumba. Muzee Bauma alitoka nayo Masisi. Juu yake alipakia sufuria, maharage ya mbegu na Riziki. Wazazi wa Riziki hawakutoka.

Akauliza, "Ni mutoto gani?"

Paluku akasogea. Muzee akamtazama kutoka miguuni kwenda juu, na safari hiyo ya macho ilichukua muda.

"Huyu akimaliza kucheza, atarudi kunifungia turubai yangu huko juu? Mimi sifike tena."

"Nitafunga, Muzee," Paluku akasema.

Basi akaanza yeye mwenyewe kufungua kamba. Wengine walipoona Muzee amefungua, wakafungua pia. Walikunja maturubai, wakabeba sufuria zenye moto bado, wakajipanga kuzunguka uwanja. Wakawa ndio watazamaji wetu.

Mechi ikaanza.

Kabla ya hapo mgeni alikuwa amemwambia Papa Inosa maneno ambayo nilisimama karibu nikayasikia: "Muda wa kuruka anao, na huo haufundishwi. Mwili tutamjengea. Miguu tutamfundisha. Nataka nione kama anaweza kusubiri. Asiyeweza kusubiri nikimchukua atakaa benchi miaka yote."

Kwa hiyo nilijua ninachokiangalia. Nilikuwa naangalia kama mdogo wangu atabaki chini.

Hakubaki. Alizuia mingi, watu wa kambi wakapiga kelele kwa furaha, lakini kila baada ya mizunguko michache filimbi inalia, faulo. Mchezaji mnene wa upande wa pili aliligundua hilo mapema. Anainua mpira, Paluku anapaa, yule anangoja ashuke, anamgongesha.

Muzee Bauma alikuwa hajawahi kuona mchezo ule. Aliwaonea huruma waliozuiwa.

"Banamukataza juu ya nini? Mutoto wa watu ametoka mbali na ule mupira."

Mama Noela akamjibu, "Muzee, ndiyo kazi yake kukataza."

"Ni kazi ya roho mubaya."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana Paluku alikuwa na faulo nne na Papa Inosa amemkalisha benchi. Moja zaidi na yote yamekwisha. Alijifunika uso kwa taulo.

Alirudishwa mwishoni kabisa. Yule mnene akapokea mpira chini ya kikapu, akauinua. Paluku magoti yakakunjika, nikafumba macho.

Nilipofumbua alikuwa bado chini.

Yule akauinua tena. Paluku alitetemeka mwili mzima, lakini visigino havikuondoka sakafuni. Safari ya tatu yule akatupa kweli, na ndipo mdogo wangu akapanda, taratibu, kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua kitu kwenye rafu. Hakupiga. Aligusa kwa ncha za vidole. Mpira ukapanda kidogo, ukasita, ukamshukia mikononi mwake mwenyewe.



Mgeni aliandika kitu. Papa Inosa aligeuka akatazama ukuta.

Jioni ile nafasi ikawa yake. Angeondoka mwaka wa masomo utakapoanza, karatasi za kuvuka zikiwa tayari. Mgeni aliniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye mzazi: "Mama, nipe miaka minne naye. Na mpaka nije kumchukua, ale."

Paluku, kabla ya kula chochote, alipanda kwenye kiti akafunga turubai la Muzee Bauma kwenye nguzo, juu zaidi ya lilipokuwa mwanzo ili maji yasituame.

Zilizofuata zilikuwa wiki nzuri, na ndiyo maana inaniuma kuzikumbuka. Kila asubuhi alikwenda kambini. Muzee alikunja turubai upande mmoja akampa nafasi ndogo chini ya kikapu. Riziki alimtupia mpira wa makaratasi ya plastiki, akijifanya anatupa kisha hatupi, na Paluku akibaki chini mtoto anakasirika. "Ruka basi," anamwambia. Naye anajibu, "Nimekatazwa."

Mama Noela, yule wa kusema apunguziwe chakula, alianza kumwekea sambaza pembeni.

Kisha vita vikaingia mjini.

Asubuhi ile mabomu yalikuwa yanapita juu ya nyumba zetu. Niligundua Paluku hayupo, nikajua alipo, nikatoka kumfuata. Kilichotokea kambini sikukiona. Niliambiwa na Muzee na wengine waliokuwepo.

Bomu lilianguka nyuma ya ukuta wa chuo. Halikuwagusa. Lakini ardhi ilitikisika, na ile nguzo ya kikapu ilikuwa imeliwa na kutu chini. Mvua ya huku ina moshi wa volkano ya Nyiragongo ndani yake, inakula mabati na inakula vyuma. Nguzo ikakatika. Ubao mzito na pete yake ya chuma vikaanza kushuka juu ya hema, na ndani ya hema alikuwa Riziki peke yake, amejikunja.

Watu wote walikuwa wanakimbia nje. Paluku ndiye aliyekimbia ndani.

Aliruka. Muzee alinionyesha kwa mkono wake jinsi alivyoruka, na nilijua hasemi uongo, kwa sababu nimeuona mruko ule tangu yuko juu ya jiwe la Kituku. Akaukuta ule ubao hewani, akausukuma upande. Riziki hakuguswa. Pete ya chuma ilishuka na mkono wa kulia, ikausaga kwenye saruji.

Mimi nilikutana nao barabarani. Niliona kwanza turubai ninalolijua, limefungwa kama bandeji kubwa. Halafu nikamwona aliyefungwa nalo. Alikuwa amekaa kwenye chukudu, kichwa kimelala juu ya usukani, na Muzee Bauma anasukuma kwa goti, mzee wa umri ule, juu ya mawe, na risasi zinalia. Riziki alikuwa anakimbia pembeni ameshika shati la Paluku.

Nikaweka mkono wangu kwenye mbao, tukasukuma.

"Yaya, usilie," Paluku akaniambia; huku kwetu yaya ni dada mkubwa. Sikujua kwamba ninalia.

Hospitali ilijaa mpaka uani. Kwenye lango walisema chukudu haiingii, iachwe nje. Muzee akaiegemeza ukutani, tukambeba Paluku ndani.

Tulipotoka kutafuta maji haikuwepo.

Muzee Bauma alisimama akatazama ule ukuta kwa muda mrefu. Hakulaani mtu. Aligusa tu mahali ilipokuwa imeegemea, kama anayejaribu ukuta una joto au hauna. Halafu akamshika Riziki mkono wakarudi kambini kwa miguu.

Madaktari walijitahidi. Mwishowe waliukata mkono kwenye kifundo.

Paluku alipozinduka aliuliza kwanza, "Riziki iko wapi?" Nikamwambia ni mzima. Akauliza kama Papa Inosa amejua. Nikamwambia bado.

Baadaye, siku nyingine, alisema bila mimi kumuuliza: "Kocha alisema ingine niache ipite. Ile sikuweza kuiacha, Yaya."

Nafasi ilikwenda kwa kijana mwingine. Yule mgeni alipiga simu mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. Sina neno baya juu yake. Nafasi ilikuwa ya mchezaji.

Kuna wanaoniambia Mungu alikuwa na mpango. Mimi ni Mkatoliki, misa siikosi. Mpango huo sijauona, na nimeacha kujifanya nauona.

Chuo kilipofunguliwa Paluku hakurudi. Nilimnunulia daftari ajifunze kuandika kwa kushoto, liko pale pale mezani, jeupe. Nikamwomba aje Kituku akae nami tu, asifanye kitu. Akaja. Akakaa kwenye jiwe lake la zamani.

Mwewe akashuka, akachota sambaza mbele yake. Paluku akamtazama. Akashuka mwingine. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, umelala kwenye paja, haukuinuka.

Mama Noela, ambaye mwewe akichukua samaki mmoja hupiga kelele za kuamsha ziwa, aligeuza uso akaendelea kupanga samaki. Siku hiyo ndiyo nilijua tumepoteza zaidi ya mkono.

Sijamrudisha tena pale. Lakini kila asubuhi namwamsha, namwekea chai, naenda kazini. Sijui kufanya kingine.

Na Muzee Bauma?

Walioshika mji waliamuru kambi zivunjwe, watu warudi kwao. Alikuja kutuaga, Riziki mabegani, sufuria mkononi. Mtu aliyeingia Goma na chombo chake anatoka anatembea.

Nikamwambia, "Muzee, chukudu yako iko juu yetu. Nitakutengenezea ingine."

Akakataa. "Deni ni yangu, mama. Mukono haina bei. Chukudu nitachonga mwenyewe."

Niliangalia vidole vyake. Vilikuwa vinatetemeka hata kwa kushika sufuria. Hachongi yule. Na bila chukudu, kule milimani, viazi vyake atavifikishaje sokoni, na mtoto atakula nini?

Paluku alitoka nje siku hiyo. Riziki akamwambia, "Ruka basi." Alimshika mtoto kichwani kwa mkono uliobaki, kisha Muzee na mjukuu wake wakaondoka.

Nilimpa fundi kazi, mti mzuri, magurudumu yaliyovikwa mpira, na pale pa goti tairi jipya. Ilipokamilika nikaanza kuuliza kwa wanaotoka Masisi. Mmoja anasema alimwona Sake. Mwingine anasema kijiji chake hakina mtu tena. Wengine hawataki kuulizwa majina, na nawaelewa.

Majirani wanataka kuikodi. Nakataa. Imeegemea ukuta wetu wa mbao, nimeifunika dhidi ya mvua.

Kama kuna nililojifunza, wakuu, ni hili. Kipaji cha mdogo wangu kilikuwa cha kweli, na mengi yalikuwa bado ya kufundishwa. Mtu mmoja aliomba miaka minne ya kumfundisha. Nchi yetu ilitupa wiki kadhaa. Mwenye kijana wa namna hiyo, na yuko mahali ambapo asubuhi inafika bila milio, asicheze na muda huo.

Karibuni mseme lolote. Mwenye ndugu aliyekatwa mkono akarudi kuwa mtu, aniambie alianzia wapi.

Na aliye upande wa Masisi, au Sake, au popote palipo na wakimbizi, akikutana na mzee mfupi anayeitwa Bauma, ana mjukuu anaitwa Riziki, ambaye meno ya mbele labda yameshaota, amwambie chukudu yake iko Katoyi kwa Masika. Aje, au aseme nimpelekee.

Paluku haigusi. Ila wiki hii nimekuta ameinyanyua kutoka kwenye maji ya mvua, sijui kwa mkono mmoja ameweza vipi, ameiweka juu ya mawe mawili.

Mwenyewe, Muzee Bauma, bado hajapatikana.